Misambi wa Buterere

Mafuta yalikuwa yameadimika tena Bujumbura, na mstari wa kungoja basi pale Rohero ulikuwa umekata kona. Watu walikuwa wamechoka kulalamika, wamebaki kunyamaza tu, na umati ulionyamaza unatisha kuliko unaopiga kelele. Katikati ya mstari huo alisimama mwanamke mwenye gauni refu la kitenge cha kijani, mtandio mweupe umekaa vizuri kichwani, na chini, jambo la kushangaza, amevaa viatu vya raba vyenye tope. Akafungua mkoba wake, akatoa darubini, akaielekeza juu ya jengo la ofisi.

Sasa niambie, ni mtu gani mwenye akili zake anayetoa darubini katikati ya Rohero, penye wizara na benki, siku ambazo kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni? Mama aliyekuwa nyuma yake alirudi kidogo. Kijana wa mbele akasogea, asije akadhaniwa wako pamoja. Polisi aliyekuwa anaegemea ukuta alijinyoosha, akaja polepole.

"Madame, uko unaangalia nini kule juu?"

"Mwewe, chef. Iko na kiota kwa ile antenne."

"Mwewe," alisema polisi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia mengi. Akaomba kitambulisho. Yule mwanamke akaingiza mkono mkobani, akatafuta, akatafuta tena, kumbe kitambulisho alikiacha katika mkoba mwingine nyumbani. 

Ndipo mwanamume mmoja akatoka katika mstari. Alikuwa na shati la mistari lililopigwa pasi likanyooka, na kwapani amebana vitabu vilivyofungwa kamba. Alimsalimu polisi kwa heshima, akachomoa kitabu kimoja, akakigeuza nyuma penye picha ya mwandishi.

"Huyu mama ni mwandishi, chef. Anaandikaka juu ya ndege. Angalia sura yake hii."

Polisi akaitazama picha, akamtazama mwanamke, akarudi kwenye picha. Kisha akasema kwamba mama amenenepa, ila ni yeye, na akamwomba airudishe ile jumelles mkobani kwa sababu hapa si msituni. Akaenda zake.

"Umesikia?" alisema mwanamke, akifunga mkoba wake. "Nimenenepa."

"Ile picha njo ilikonda," alijibu mwanamume. "We uko sawa."

Hivyo ndivyo Assia alivyojuana na Karimu. Basi halikuja, wakaenda kwa miguu hadi Buyenzi, na njiani kila mmoja akamjua mwenzake. Assia alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na muda uliobaki aliutumia kwenye matope ya kandokando ya ziwa na mabonde, akiandika habari za ndege. Alikuwa na safu katika gazeti moja la wiki, na kitabu kimoja tu, kitabu ambacho watu waliosoma walikizungumzia sana mwaka ule. Karimu alikuwa na kibanda cha vitabu katika galeri moja ya Rohero, jengo la maduka madogo madogo. Baba yake aliuza vitabu katika soko kuu hadi lilipoungua mwaka 2013, akafa baada ya hapo kwa huzuni, au kwa presha, inategemea unamuuliza nani. Wote wawili walizaliwa Buyenzi, wakala maandazi ya mama mmoja kila asubuhi, na hawakuwahi kuonana.

Karimu alikuwa mtu wa maneno. Aliuza kitabu cha Assia kwa yeyote aliyesimama mbele yake, hata aliyekuja kuulizia kalamu. Alipofika nyumbani alimpigia Assia simu.

"Uko unafanya nini?"

"Nasikiliza mvua."

"Na mvua iko inasema nini?"

"Inasema ziwa itapanda tena. Itafika kwa manyumba ya watu."

"Assia, siku moja uniambie kitu ya furaha, hata ya uongo."

"We njo umepiga. Anza."

"Bon. Leo nilivaa ile shati tena. Hakuna mutu aliniambia niko sawa."

"Uko sawa, Karimu."

"Basi. Hiyo tu njo nilikuwa natafuta. Lala, roho yangu."

Assia hakulala. Alikuwa mwanamke wa wasiwasi, tusimfiche. Akipendwa, aliogopa kuachwa. Mvua isiponyesha aliogopa ukame, ikinyesha aliogopa mafuriko. Shangazi zake walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kumwoza. Lakini kulikuwa na woga mmoja wa kweli kuliko mingine yote, na huo ndio uliozaa kisa hiki.

Miaka iliyopita, alipokuwa anaanza kuandika, aliona kiota cha misambi. Ni wale ndege warefu wenye taji la manyoya ya dhahabu, ambao watu wenye nyumba kubwa hupenda kuwafuga uani kama mapambo, baada ya kuwakata mabawa. Assia alifurahi, akaandika gazetini, akataja bonde na kijiji. Haukupita muda makinda wakaibwa. Mzee Sylvère, mlinzi wa mbuga aliyestaafu, ndiye aliyemfundisha kutambua ndege kwa sauti, na siku hiyo alimwambia jambo moja tu, kwamba kiota hakitajwi. Tangu hapo Assia alijiwekea desturi. Kila alipoandika kuhusu kiota, alikihamisha. Aliandika manyoya, mlio, namna dume linavyocheza mbele ya jike, yote kweli tupu, ila mahali akapaweka pengine.

Katika kitabu chake, sura nzuri kupita zote ilikuwa ya misambi, na misambi hao aliwaweka Buterere, katika mashamba ya mpunga nyuma ya mfereji mkubwa. Alipachagua kwa akili. Mwizi wa ndege hawezi kupekua mahali ambapo wanawake wanashinda na majembe tangu alfajiri. Alikuwa amepapita barabarani mara nyingi, akaona kijani na maji. Hakushuka kamwe kuuliza nani analima pale.

Karimu alimpeleka kwa mama yake siku ya Jumapili. Assia alivaa pagne mpya ya zambarau yenye maua madogo, hereni za dhahabu alizoachiwa na bibi yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, viatu visivyo na tope. Barabara ilimtia hofu, kwa maana kadiri walivyokwenda ndivyo alivyozidi kupatambua. Walivuka mfereji, wakapita nyumba za matofali mabichi zenye alama ya maji ya mafuriko ukutani, na mbele yao pakafunguka mashamba ya mpunga. Mama Khadidja, mama yake Karimu, alitoka humohumo, pagne imekunjwa hadi magotini, miguu imejaa tope.

"Karibu, mutoto wangu. Nikumbatie tu, tope haiumizi mutu."

Baada ya mume wake kufa alihama Buyenzi, akahamia huku kwa dada yake, akapata kipande cha shamba cha kukodi. Aliwapikia wali wa shamba hilohilo na ndagala wa kukaanga, akamwekea Assia mafungu ya samaki hadi sahani ikajaa. Walipokuwa wanakula, Karimu akaanza sifa zake. Akamwambia mama yake kwamba shamba hili limeandikwa katika kitabu, kwamba misambi wanazaa pale pale nyuma ya mfereji.

"Hapa?" alisema Mama Khadidja, akacheka. "Apana. Hapa iko vyura na mbu. Musambi sijawahi kuonaka."

"Wanakuja mapema, mama, mbele we haujafika."

"Mi nafikaka mbele ya adhana, Karimu."

"Mama, imeandikwa."

Wewe ona mambo ya muuza vitabu: mama yake mzazi, aliyekanyaga tope lile kila siku, alishindwa na karatasi. Wote wakamgeukia Assia. Alikuwa na wali mdomoni, akautafuna muda mrefu kupita kiasi. Hapo ndipo angesema. Badala yake alisema kwamba ndagala ni watamu sana, akaomba maji.

Miezi ikapita, wakapendana kweli. Jioni alipita kwenye kibanda, wakafunga pamoja, wakaenda kunywa chai ya tangawizi Buyenzi huku mafundi wakigonga vyuma barabarani. Karimu alianza kuuliza, kwa mzaha wa mtu ambaye hafanyi mzaha, shangazi za Assia wanapenda vijiko vingapi vya sukari kwenye chai siku wageni watakapokuja. Assia alicheka, akageuza mazungumzo.

Kisha likatoka tangazo. Kulikuwa na mradi mmoja wa kulinda mabwawa na mabonde, ukiongozwa na bwana Honoré, mtu mpole mwenye miwani, ambaye kwa kweli alipenda ndege. Tangazo lilisema kwamba baada ya mavuno haya, mashamba ya nyuma ya mfereji hayatalimwa tena. Yatazungushiwa uzio yawe makazi ya misambi, na wakulima watatafutiwa pengine baadaye. Kila mtu mjini anajua hiyo "baadaye" ni wapi.

Karimu alimpigia simu siku ileile, bado hana hofu kubwa.

"Chérie, we Honoré anakuheshimu. Mwambie tu misambi na muchele vinaweza kukaa pamoja. Neno yako moja itatosha."

"Nitaona, Karimu."

"Utaona nini? Mama hajalala tangu juzi."

"Nimesema nitaona."

Baada ya hapo simu yake ikawa inaita bila kupokelewa. Msimdharau haraka. Assia alikaa kitandani akiitazama inavyotetemeka, jina la Karimu likiwaka na kuzima. Akisema ukweli, kila msomaji atauliza ni nini kingine amekitunga. Mbaya zaidi, watamuuliza misambi wako wapi basi, na wakati ule ule, katika mvua zile zile, makinda walikuwa kiotani. Alimpigia mzee Sylvère. Mzee alimjibu kwamba watu watapata shamba lingine, ndege hawatapata bonde lingine, anyamaze. Assia alimshukuru, akakata simu, na mbele ya macho yake akaiona miguu ya Mama Khadidja yenye tope. Shamba lingine mjane yule angelipata wapi?

Ndipo mabango yakabandikwa Rohero. Mradi ulikuwa unaandaa jioni ya fasihi, na juu ya bango palikuwa na uso wa Assia, na chini yake maneno makubwa yakimwita balozi wa misambi. Hakuwahi kukubali cheo hicho. Honoré alimtumia ujumbe wa kumwomba, naye hakujibu, na Honoré, kwa upole wake, akadhani kunyamaza ni kukubali. Karimu aliliona bango asubuhi, limebandikwa mlangoni pa galeri yake.

Assia alipofika kibandani mchana, alikuwa amekuja kumweleza yote. Alimkuta Karimu ana wateja wawili na uso ambao hakuujua.

"Walikuahidi nini?" aliuliza Karimu bila salamu.

"Hakuna kitu waliniahidi."

"Basi ongea na Honoré."

"Siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

Assia aliwatazama wale wateja wawili, mmoja wao ameshika kitabu chake mkononi. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakayeyuka.

"Juu ya misambi," alisema.

Ulikuwa ukweli, na ulikuwa ukweli mbaya kabisa wa kumpa mtu yule saa ile.

"Mama yangu anakuchagulia ndagala zenye hazina miiba," alisema Karimu polepole, "na we umechagua ndege. Sawa. Nimeelewa. Nenda, Assia."

Assia akaondoka. Karimu akakitoa kitabu cha Assia mbele, akakipeleka nyuma kwenye kamusi zilizochanika. Wateja wakaondoka bila kununua. Yeye akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu galeri ile ijengwe, kibanda cha Karimu kilikuwa kimya.

Jioni ya fasihi ikafika. Ukumbi wa Rohero ulijaa walimu, wanafunzi wa chuo, watu wa mashirika na wale wanaokuja kwenye kila hafla kwa ajili ya sambusa. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta haikuwa na mafuta, kwa hiyo madirisha yakafunguliwa ili mambo yaishe kabla ya jua kuzama. Assia alivaa gauni jeusi lenye tarizi ya dhahabu mikononi na ushungi wa rangi ya damu ya mzee. Alipendeza sana. Meza ya kuuzia vitabu ilikuwa kando ya mlango, na nyuma yake alisimama Karimu, kwa kuwa waandaaji walimkodi zamani naye si mtu wa kuvunja ahadi. Hakunyanyua macho.

Mélissa, mwandishi wa habari aliyeongoza mazungumzo, alimkaribisha kwa maneno matamu, kisha akamwomba asome ukurasa ambao kila mtu anaupenda. Assia akasoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, na kwa dakika chache watu wale waliochoka kupanga mistari waliona mabawa yakifunguka juu ya maji. Kisha akafika penye neno Buterere, nyuma ya mfereji mkubwa. Akasimama. Watu wakadhani anapumzika.

"Hapa nilidanganya," alisema.

Ukumbi haukuelewa. Akarudia, safari hii kwa Kiswahili cha mtaani kwao, maana Kifaransa kilikuwa kimemkimbia. Akawaeleza juu ya makinda walioibwa kwa sababu ya makala yake ya kwanza, na desturi yake ya kuhamisha viota. Akasema kila unyoya ulio katika kitabu ni wa kweli na mahali si pa kweli, na kwamba uzio wa Buterere utazunguka shamba ambalo halina misambi hata mmoja.

Honoré alisimama mstari wa mbele. Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Donc, madame, misambi haiko?"

"Iko. Haiko Buterere."

"Iko wapi?"

"Siwezi kusema."

Mnong'ono ukapita viti hadi viti. Mélissa akainama mbele, akauliza swali ambalo mimi pia ningeuliza. "Ulituandikia, tukaamini. Sasa tutajuaje kama leo njo unasema ukweli?"

Assia alishika ukingo wa meza. 

"Musiniamini mi. Mwende kuuliza wamama wenye kulima pale. Mi sikuwauliza. Niliandika shamba ya watu sijashuka hata siku moja kuwaambia bonjour. Hiyo njo kosa yangu, si ile ingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mmoja mzee alitoka, akaweka nakala yake mezani kwa Karimu bila neno. Mwingine akafuata, kisha wengine. Karimu alivipokea vitabu vile kimoja kimoja, akavipanga kwa mpangilio, na Assia alipopita mlangoni mikono yake Karimu ilikuwa imejaa na macho yake yako chini. Alingoja kidogo pale kizingitini. Hakuitwa.

Yaliyofuata yalikuwa kama alivyoogopa, na hilo ndilo baya la watu wenye wasiwasi, kuna siku wanapatia. Gazeti lilimwondolea safu yake. Mchapishaji akasimamisha kitabu. Shuleni wanafunzi walimuuliza kwa adabu ya uongo kama leo wanasoma sarufi ya kweli au iliyohamishwa. Upande wa pili, Honoré alikwenda Buterere kwa miguu yake, akatembea mashambani na Mama Khadidja na wenzake asubuhi nyingi, akaona vyura na mbu. Uzio haukujengwa. Mtu alimletea Assia habari hizo sokoni, akanunua vitunguu huku analia, muuzaji akadhani ni vitunguu.

Karimu hakupiga simu. Kila jioni Assia aliiweka simu kifudifudi ili asiitazame, kisha akaigeuza. Alijiambia kwamba yamekwisha, na kwamba angekuwa yeye asingepiga pia.

Ijumaa moja alasiri, baada ya swala, mlango wa uani kwa kina Assia uligongwa. Karimu alisimama pale na kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, jasho limemlowa shingoni kwa sababu mabasi hayakuwepo. Shangazi aliyekuwa anachambua mboga akanyanyuka bila kuagizwa, akaingia ndani na kuacha mlango wazi kiasi cha kusikia.

"Nimekuja kusema kitu," Karimu alianza. Mtu yule wa maneno alipangusa uso mara mbili kabla ya kuendelea. "Ile ukurasa, mi njo nilimuonyesha Honoré. Alikuja kutafuta kitabu ya miti. Nikamuambia apana, soma hii, fungua hapa, iko kwetu Buterere. Nilimuuzia ya ofisi nzima. Donc mi njo nilipeleka shamba ya mama kwa mikono yangu. Na nikakufukuza we."

Assia alikaa kwenye kibaraza. Hilo hakulijua.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza.

"Na we juu ya nini haukuniambia?"

Jibu lilikuwa moja. Kila mmoja alikuwa ameogopa kumpoteza mwenzake, na kwa woga huo huo nusura wapotezane. Karimu akasema mama yake amemgombeza siku nyingi, kwamba amemwambia yule binti alijivua nguo mbele ya mji mzima kwa ajili ya kipande cha shamba ambacho hata si chetu, na wewe unapanga vitabu. Akasema anataka kuleta wazee wake waongee na shangazi. Aliisema haraka, akitazama ukuta.

Assia akasogea upande mmoja wa kibaraza. Akamwambia asogee karibu, akae.

"Mbele ya wazee, iko kitu unapaswa kujua. Fasi yenyewe. Kwenye misambi iko."

"Apana," alisema Karimu, akanyanyua mkono kweli kama mtu anayezuia mlango. "Usiniambie. We unanijua. Mi kinywa yangu haina mufuniko."

"Ninajua."

"Basi acha. Mi sitaki kujua. Nakupenda bila kujua."

"Karimu, sikia." Aliushika ule mkono, akaushusha. "Mi naendaka kule peke yangu, asubuhi mapema. Iko kiboko. Iko mamba. Mvua ikikuja, maji inapanda mbio. Miaka yote hii, hakuna hata mutu moja mu dunia anajua niko wapi. Kila mara naogopa. Si kufa njo naogopa. Naogopa itakosekana mutu wa kunitafuta. Siku nitachelewa kurudi, mutu moja ajue fasi ya kuja. Nataka ikuwe we."

Karimu akavua kofia, akaiweka magotini. Ndani, shangazi aliacha kupumua ili asikie vizuri.

"Basi niambie," alisema.

Assia alimwinamia sikioni, akamwambia. Shangazi hakusikia. Mimi nilisikia, ila kama mmeelewa chochote katika kisa hiki, hamtaniuliza.

Walioana kabla ya mvua nyingine. Gazeti halijamrudishia safu yake mpaka leo. Anaandika kitabu kingine, na safari hii anashuka, anasalimu, anauliza nani analima wapi. Vile vitabu vilivyorudishwa viko kibandani kwa Karimu, mbele kabisa, na kila anayenunua anaambiwa wazi kwamba ndege ni wa kweli na mahali ni pa uongo. Inasemekana vinakwisha.

Juzi Mama Khadidja alikuja mjini asubuhi na mapema na mfuko wa mchele mpya, akamkuta mwanawe peke yake kibarazani, chai imepoa, macho yako kwenye mawingu upande wa ziwa, simu mkononi.

"Muke wako iko wapi saa hii?" aliuliza.

Karimu, mtu aliyeshindwa kuficha hata bei ya jumla ya vitabu vyake, alimtazama mama yake mzazi.

"Iko kwa kazi, mama," alisema, akaendelea kungoja.